Birika Kwanza, Bahari Baadaye

Barazani Lamu siku hizi hakumalizwi kikombe cha kahawa bila bandari kutajwa. Tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ifunguliwe Mei 2021, wazazi tumekuwa na orodha ndefu ya hofu: malori, wageni, madawa, bodaboda zinazojipenyeza penye njia za punda. Sizipuuzi hofu hizo. Ila zote ziko nje ya mlango, na kinachoweza kumchukua mtoto wa mwaka mmoja na nusu kabla chai haijapoa kiko ndani: ni birika la chooni, lile tangi la maji lililojengewa humo.

Watu wa bara hudhani mtoto wa Lamu huzaliwa na mapezi. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe tumeanza kuyaamini hayo.

Litazame birika la nyumba ya kale kwa macho ya mtoto anayejifunza kutembea. Ukingo wake unamfika kifuani. Maji ni ya baridi na yametulia. Ndani mna visamaki, tuliowatia ili wale viluwiluwi vya mbu, na penye nyumba zilizohifadhi mambo ya zamani, chini kabisa pana bakuli la kaure lililojengewa sakafuni. Hakuna toroli wala mdoli wa dukani unaomvuta mtoto kuliko samaki anayecheza. Ataegemea, atanyosha mkono, na kwa kuwa kichwa cha umri huo ni kizito kuliko viungo vingine, kitatangulia. Akishaingia kichwa chini hana nguvu za mikono za kujirudisha.

Ndoo ya plastiki ya lita 20 nayo ni vivyo hivyo, tena mbaya zaidi ikiwa na maji nusu: ni nzito, haipinduki naye. Maji ya sentimita 5 yanatosha kufunika pua na mdomo. Ubongo unaanza kuharibika baada ya dakika chache tu bila hewa, yaani muda wa kumjibu mgeni aliyepiga hodi na kumuuliza hali ya nyumbani kwake.

Dawa yake ni rahisi. Birika lipate kifuniko cha mbao kilichokatwa sawasawa na ukingo, chenye bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili. Ubao uliowekwa tu juu haufai; mtoto akiuegemea unateleza na kuingia naye. Mwenye kutaka samaki wake wapate hewa na atumie fremu ya mbao yenye wavu wa chuma mgumu, si chandarua. Mlango wa choo utiwe komeo upande wa nje, juu, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni. Ndoo na mabeseni yakishatumika yamwagwe na kupinduliwa. Kata ya kutekea maji isiachwe ikielea, maana kwa mtoto hicho ni chombo cha kuchezea. Kisima cha kiwandani, yaani uani, nacho kifunikwe hata kama kina ukuta, kwani mtoto wa miaka mitatu anajua kusogeza kigoda.

Saa ya hatari nyumbani mara nyingi ni ile yenye watu wengi. Nyumba ya harusi, magharibi inakaribia, huyu anatawadha, yule anatafuta viatu, mlango wa choo unafunguliwa na kuachwa mara ishirini. Kila mtu anadhani mtoto yuko na mwingine. Ulinzi ukabidhiwe kwa jina na kwa mdomo: "Shangazi, mtoto nakuachia wewe, mimi naingia kuswali," na Shangazi ajibu. Asipojibu hujakabidhi. Na dada wa miaka minane si mlezi wa mtoto penye maji, hata awe na akili kiasi gani.

Sasa tutoke nje. Kutoka Mokowe, upande wa bara, kuja Amu, yaani Lamu mjini, au kwenda Shela na Manda, mtoto anapanda boti mara nyingi kuliko mtoto wa Nairobi anavyopanda basi, kwa hiyo tumezoea, na mazoea hayo ndiyo yanayotufanya tukubali jaketi za kuokolea zilizofungwa fundo moja chini ya kiti, zimeliwa na jua. Boti ikipinduka hakuna atakayefungua fundo hilo. Jaketi ni ya kuvaliwa gatini, kabla ya mguu kuingia chomboni.

Jaketi ya mtu mzima kwa mtoto ni mtego. Angalia kibandiko cha ndani kinachotaja kilo, ulinganishe na uzito wa mtoto wako. Kisha mfunge vizuri, mshike jaketi penye mabega umwinue kidogo: kidevu na masikio yakipita kwenye shingo ya jaketi, ni kubwa. Lazima iwe na mkanda wa kupita mapajani, kwa sababu bila huo jaketi hupanda juu na mtoto hubaki chini. Yale mafulana yenye alama ya 50N (N ni kipimo cha nguvu ya kuelea) ni ya anayejua kuogelea. Asiyejua anataka 100N au zaidi, yenye ukosi wa kushikilia kichwa. Bonyeza sponji kwa kidole. Ikiwa imekuwa ngumu na inapasuka, au jaketi ni nzito kwa kunywa maji, irudishe. Kununua ya mtoto wako mwenyewe na kutembea nayo mkobani si maringo. Watu watacheka wiki mbili, kisha watauliza umeinunua wapi.

Kwa kina mama: jaketi huvaliwa juu ya buibui, mkanda ukaze kitambaa chote. Na mtoto mchanga asifungwe mgongoni kwa leso ndani ya chombo. Leso ikilowa, fundo halifunguki kwa urahisi, na mama anayejitahidi kuelea chali humzamisha aliye mgongoni bila kujua. Mtoto awe mikononi, mbele. Akiwa mdogo mno kwa jaketi yoyote, safari isiyo ya lazima msimu wa kusi na ingoje. Ikibidi, iwe asubuhi kabla upepo haujapata nguvu. Likizo ya Agosti inaangukia ndani ya kusi, na ndiyo wakati wa kupeleka watoto kwa bibi.

Wahenga walisema nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa mtoto nasema aanzie huko huko ngamani: akae chini, katikati, mgongo kwenye magoti ya mtu mzima, si juu ya ukingo akichezea maji. Kabla ya kuondoka teremsha mkono nje ya boti iliyokwisha jaa abiria. Vidole vikigusa maji kwa urahisi, shukeni. Nahodha atanuna, nauli itapatikana kwa chombo kingine.

Kushuka kuna mambo yake. Boti ikikaribia gati wote husimama kwa pamoja upande mmoja, na hapo ndipo chombo kidogo huyumba. Maji yakiwa yamekupwa ngazi za chini zinatoka na utelezi wa mwani, na kati ya boti na ukuta panafunguka na kufunga kila wimbi linapopita. Mtu mzima mmoja atangulie, mikono mitupu. Baharia akishakaza kamba, mtoto apokezwe kwa kushikwa kifundo cha mkono au kwapani, si vidoleni. Mizigo baadaye. Usishuke kamwe na mtoto mkono huu na kapu mkono ule.

Kwa kuogelea, kalenda ya Kiislamu ukutani ndiyo mwalimu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua: maji hupanda na kushuka karibu mita 3 na mkondo wa mlangoni baina ya Shela na Manda huenda kasi. Mtoto akielea kidogo tu wakati maji yanatoka anaelekea bahari kuu. Peleka watoto siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, au saa maji yamejaa na kusimama. Kwanza wafundishwe kulala chali na kuelea dakika nzima, ndipo mambo ya mikono na miguu. Kisha kujitupa ndani, kugeuka, kurudi na kutoka wenyewe, halafu mita 25. Mwishowe warudie na nguo, kwa sababu hakuna anayeanguka gatini amevaa kaptula ya kuogelea.

Hapa nina lawama. Wakati wa Maulidi tunajaa ufukweni kushangilia mashindano ya kuogelea, wote majini ni wavulana. Wasichana wanavuka maji yale yale kwenda shule. Muda wa saa moja alfajiri, mwalimu mwanamke, sehemu ya ufukwe isiyo na macho: halihitaji bajeti ya kaunti hilo, ingawa mwakilishi wa wadi akija kuomba kura aulizwe pia kwa nini gati yetu haina ngazi ya chuma inayofika majini.

Anayezama hapigi kelele. Husimama wima ndani ya maji, mdomo ukizama na kutoka, mikono ikibonyeza maji kwa pembeni kama anayetaka kupanda kitu. Akinyamaza ghafla, mwendee. Akitolewa asiyepumua, usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Matapishi yataingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5 hadi kifua kinyanyuke (kwa mtoto mchanga, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja), kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa kina cha thuluthi ya kifua, mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2, na kuendelea hivyo bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Mwingine apige 999 au 112. Akizinduka na kuomba maji ya kunywa, bado aende hospitali siku hiyo hiyo. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumbana pumzi saa kadhaa baadaye.

Usiruke kumfuata kama hukujifunza kuokoa, maana tutawatafuta wawili. Mrushie kitu kinachoelea. Jerikani tupu ya lita 20 inamwinua mtu mzima: tia maji kiasi cha kikombe kimoja ili isipeperushwe na upepo, kaza kifuniko, funga kamba ya mita 15 kwenye mpini wa jerikani, na uitundike kwenye nguzo ya gati. Iandikwe kwa rangi nyekundu "SI YA MAJI", la sivyo kesho itakuwa imeshapakiwa juu ya punda.