Hesabu za Kampuni ya Bima Nilizimalizia Gereji

Tulipopata barua kwamba kampuni ndogo ya bima ambayo kikundi chetu kina hisa inataka kuungana na kampuni kubwa, nilishauriwa na watu watatu, na wote watatu walinishauri upuuzi. Shemeji yangu wa benki alisema, "Shemeji, ukisikia kampuni zinaungana wewe tulia, hisa zinapanda zenyewe." Mwanasheria tuliyemlipa laki mbili na ushee alipitisha macho kwenye barua, akavua miwani, akasema tusaini tu kwa sababu wanahisa wadogo hawana nguvu. Halafu akaja dalali kutoka Dar, akataka kuzinunua hisa zetu kwa bei ile ile tuliyonunulia miaka hiyo, tena akiapa kwamba anatuonea huruma.

Mimi nauza spea za magari hapa Mwanza mjini. Sina shahada ya fedha. Lakini wenzangu wa kikundi walinipa mimi kazi ya kupima ule muungano na nikaimaliza vizuri kuliko hao watatu, na sioni aibu kusema hivyo.

Tuliingiaje kwenye bima? Sheria ya bima ya 2009 inataka angalau theluthi moja ya umiliki wa kampuni ya bima iwe mikononi mwa Watanzania, kwa hiyo kuna kampuni zinazotafuta wenyeji wenye fedha kidogo wa kuingia nao. Kikundi chetu kina mzee wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwalimu mstaafu wa hesabu anayeishi Nyegezi, wenye mabasi mawili matatu, na wafanyabiashara wengine wa mjini. Tulichanga, tukachukua kipande kidogo. Kampuni haipo Soko la Hisa la Dar es Salaam, na hapo ndipo maneno ya shemeji yalipokosa miguu: hisa isiyouzwa sokoni inapanda wapi? Hata kwa zile zilizopo sokoni, kwa kawaida zinazopanda ni hisa za kampuni inayonunuliwa, kwa sababu anayenunua anaongeza bei ili wenye mali wakubali. Za mnunuzi mara nyingi zinashuka, watu wakihofia amelipa zaidi. Sasa sisi tulikuwa tunaombwa tuachie zetu tupewe za mnunuzi.

Barua ilisema hivi: hisa zetu tatu kwa hisa moja ya ile kampuni kubwa. Fedha taslimu, hakuna hata senti. Makampuni yenyewe siyataji, mambo bado yako mezani.

Sisi tuliokua enzi za bima moja tu nchini, Shirika la Bima la Taifa, tulizoea kuamini kwamba kampuni kubwa ya bima haiwezi kuyumba. Soko lilipofunguliwa miaka ya tisini zikaja nyingi, na zikija nyingi lazima baadhi ziungane. Kenya walitangulia: APA ilizaliwa 2003 kwa kuunganisha bima za kawaida za Apollo na Pan Africa. Kwa hiyo muungano wenyewe sikuupinga. Nilichokuwa nahoji ni ile tatu kwa moja.

Mwalimu alikuja dukani na hesabu zilizokaguliwa za kampuni zote mbili, za miaka kadhaa, akazitandaza juu ya maboksi ya breki pedi. Kipimo cha kwanza cha bima ni chepesi: chukua madai yaliyolipwa na yanayotarajiwa, ongeza gharama za uendeshaji na kamisheni, gawanya kwa ada wanazolipa wateja, zidisha kwa mia. Ikizidi mia, kampuni inapata hasara kwenye kazi yake yenyewe na inaishi kwa riba ya hatifungani na amana za benki. Yetu ilikuwa imezidi mia kidogo. Yao ilikuwa tisini na kitu. (Anayetaka kurudia zoezi hili aangalie mwaka: kuanzia 2023 hesabu za bima zilihamia kwenye kiwango cha kimataifa cha IFRS 17, safu zimebadilika majina na mpangilio, na ukilinganisha mwaka wa zamani na mpya kichwa kichwa utajidanganya. Mwalimu alitumia zile za 2022 zilizoandikwa upya kwa mfumo mpya.)

Kwa hesabu hizo tatu kwa moja ilionekana ni haki kabisa. Mzee wa Mwaloni akasema basi tusaini, yeye ana mzigo wa kupeleka Kongo.

Mimi nikagoma. Magari wanayokatia bima ni yale yale, Fuso ni zile zile, barabara ya Shinyanga ni ile ile, ng'ombe wanaovuka pale Usagara ni wale wale. Iweje madai yao yawe madogo hivyo kuliko yetu?

Hapa lazima nieleze kitu ambacho shemeji na benki yake hawakijui. Faida ya kampuni ya bima ni makadirio. Ukiuza nati leo, unajua leo umepata nini. Ukiuza bima leo, ajali inaweza kutokea Desemba, mgonjwa akatoka hospitali ya Bugando Machi, kesi ikaisha baada ya miaka miwili. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka kampuni inatenga akiba ya madai: yaliyoripotiwa hayajalipwa, na yaliyotokea ambayo hata hayajaripotiwa. Ukitenga kidogo, faida inanenepa mwaka huu. Mwaka wa tatu ndipo inakonda, na mwaka wa tatu mwenye hisa ni wewe uliyebadilishiwa.

Katibu wetu aliandika barua ya heshima kuomba maelezo ya akiba hiyo. Ilijibiwa kwa kalenda ya ukutani na kalamu.

Ndipo nikaenda gereji. Gari lenye bima kubwa (comprehensive) likigongwa haliendi kwa aktuari, yule mtaalamu wa kukadiria hesabu za bima, linaenda kwa fundi, na mafundi karibu wote wa Mabatini, Buzuruga na Igoma wananidai urafiki na mimi nawadai fedha. Hawawezi kuninyima daftari.

Gereji ya kwanza karibu inipoteze. Fundi alinifungulia kaunta buku, safu zimepigwa kwa rula: namba ya gari, kampuni ya bima, siku lilipoletwa, siku ilipotoka LPO, ile karatasi ya bima ya kumruhusu fundi aanze kazi. Ile kampuni kubwa LPO zake zinatoka upesi ajabu. Yetu inasuasua, mtu wa tathmini anakuja akijisikia. Nikaanza kunywea. Nikamwuliza, "Fundi, na safu ya malipo iko wapi?"

Akacheka. "Bosi, hiyo haipo humu. Hiyo iko nje."

Tukatoka nje. Chini ya mwembe kulikuwa na Noah nyeupe imenyooshwa, imepigwa rangi, inang'aa, na matairi yameshalala. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi kidogo, na kwenye kiti cha nyuma kuku ametaga, tena mayai ya kutosha kifungua kinywa. Kwenye kioo cha mbele fundi alikuwa ameandika kwa chokaa tarehe aliyomaliza kazi, na chini yake herufi za kampuni ya bima. Nyuma yake Fuso. Nyuma ya Fuso, Harrier mbili na Coaster. Herufi karibu zote ni zile zile, za wakubwa. "LPO wanakupa kesho yake," fundi akasema, "hela ndo unaisubiri. Na mimi siachii gari mpaka hela iingie. Hawa wenu, mama, wanachelewa kuamua, ila wakishaamua wanalipa."

Nikazunguka gereji nyingine nikipiga picha vioo. Mlinzi mmoja wa Igoma akadhani mimi ni wa TRA, watu wa kodi, akafunga geti, ikabidi bosi wake apigiwe simu.

Ila akili hasa ilinijia usiku, na hii naisema kwa kiburi. Kwa nini nahangaika na daftari za watu? Mimi nakopesha gereji spea "mpaka bima ilipe". Daftari langu la madeni lina kila bampa, kila taa, kila shoo, na pembeni nimeandika bima gani inasubiriwa, kwa sababu nisipoandika fundi atasema alishanilipa. Nikalitoa chini ya kaunta. Nikaanza kuweka alama, nyekundu kwa wakubwa, bluu kwa sisi. Madeni ya bluu mengi yalikuwa yamefutwa ndani ya miezi miwili mitatu. Nyekundu zilikuwa zinasogea kurasa kwa kurasa, nusu mwaka, zaidi.

Mwalimu, ambaye haamini kitu mpaka kiwe na jedwali, alisema Mwanza si Tanzania nzima. Yuko sahihi. Tukapiga simu kwa wenye spea wa Geita na Musoma, wakasema hayo hayo kwa maneno makali zaidi. Kisha Mwalimu akarudi kwenye maelezo ya nyuma ya hesabu, zile kurasa ambazo watu hawafiki, akaona madai yasiyolipwa ya wakubwa yanakua haraka kuliko ada zao, miaka mitatu mfululizo, huku akiba waliyotenga ikikua taratibu. Gereji na mizania vikasema jambo moja. Ukiziba pengo hilo kwenye faida yao, hata kwa ukali wa wastani, hisa moja yao haifiki hisa tatu zetu.

Hatukuuza kwa dalali, na hatukukataa muungano. Tulikwenda Dar kwenye mkutano wa wanahisa na masharti. Kabla ya hapo tulitafuta kwenye mfumo wa BRELA, wanaosajili kampuni, nani mwingine ana hisa (elfu ishirini na kitu, ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote), tukapata wadogo wenzetu wa Arusha na Mbeya. Mwanasheria wetu wa laki mbili hakutuambia kwamba azimio la kubadilisha kampuni namna hii linahitaji robo tatu ya kura, yaani wenye zaidi ya robo wanaweza kulizuia. Wadogo peke yetu hatufiki robo. Wadogo pamoja na mwanahisa mmoja wa kati aliyenuna, tulifika na kupita.

Mkurugenzi mmoja alinijibu kwa upole wa kuudhi: "Mama, masuala ya akiba ni ya kitaalamu." Nikamwambia sawa, basi tuleteeni mtaalamu, aktuari asiyelipwa na upande wowote, na wakati anakuja naomba mtazame picha hizi. Noah yenye mayai ilizunguka ukumbi mzima kwenye simu za watu. Baada ya hapo neno "kitaalamu" halikutajwa tena.

Mwalimu naye alikuwa na mfano wake wa Uingereza. Aviva ilipoichukua Direct Line, mpango uliokubaliwa Desemba 2024 na kukamilika Julai 2025, mwenye hisa moja ya Direct Line alipewa hisa 0.2867 za Aviva pamoja na taslimu peni 129.7. Yaani hata huko, ambako hisa za mnunuzi zina bei sokoni kila dakika, watu walishikishwa fedha mkononi. Sisi tunaopewa hisa isiyo na soko tusipewe hata nauli?

Aktuari alikuja, akaongeza akiba ya wakubwa kwa kiasi kikubwa. Pendekezo jipya ni hisa mbili kwa moja na sehemu ya taslimu, na sehemu ya hisa za wamiliki wao kushikiliwa mpaka madai ya zamani yajulikane yaliishia wapi. Kikundi tumeafiki. Mzee wa Mwaloni atachukua taslimu yote atakayoruhusiwa, mimi nitabaki na hisa nyingi, kwa sababu wateja wao ni wengi na kasoro yao sasa inajulikana.

Bado kuna Kamishna wa Bima wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, bado kuna Tume ya Ushindani, ambayo miungano ya kampuni ambazo mali au mauzo yao kwa pamoja yanafikia shilingi bilioni 3.5 lazima ipite kwake. Wenye haraka nawakumbusha kwamba Sanlam na Allianz walitangaza kuunganisha shughuli zao za Afrika Mei 2022 na kukamilisha Septemba 2023. Aon na Willis, wale madalali wakubwa wa bima duniani, walitangaza Machi 2020, Serikali ya Marekani ikawapeleka mahakamani, wakaachana Julai 2021, na Aon ikalipa dola bilioni moja za kuvunja uchumba. Kwa hiyo fedha ambayo haijaingia usiinunulie kiwanja Buswelu, kama alivyokwishafanya mmoja wetu.

Dalali bado anapiga simu. Bei yake imepanda mara mbili, huruma imepungua. Na fomu za kuhamisha hisa zilizoletwa zikiwa na nafasi tupu ya idadi nimezikusanya zote, ziko kwenye droo ya plagi dukani, na ufunguo ninao mimi.