Gabi yangu na swali la mamangu

Nimetandika gabi, shuka nzito ya pamba kutoka Ethiopia, kitandani na joto lote hili la Mombasa, mamangu akapita mlangoni akaniuliza, blanketi la nini mwanangu, na jua hili? Nikamwambia si blanketi mama, njoo ushike. Akashika, akaipindua, akanyamaza kidogo, halafu akauliza kitu ambacho mi mwenyewe sikukiuliza nilipokuwa huko juu: "Na uzi kasokota nani?"

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mwaka jana nilipanda basi Nairobi mpaka Moyale, nikavuka, nikashuka nikachukua nyingine mpaka Arba Minch kusini mwa Ethiopia (jina maana yake chemchemi arobaini, na joto lake si haba, kuna maziwa mawili pale chini, Abaya na Chamo). Kutoka hapo ni kupanda tu, kona juu ya kona, masikio yanaziba, na ukifika kwa Wadorze kwenye milima ya Gamo uko zaidi ya mita 2,500 na mi mtoto wa pwani nilikuwa nimevaa fulana jameni. Ndo nikaelewa kwa nini watu wa huko wanajifunika vile.

Watalii wengi wanaenda kuona nyumba, na kweli nyumba zao ni za ajabu, mianzi imesukwa kama kikapu kikubwa imepinduliwa, na mbele kumetokeza kama uso wa ndovu. Mchwa wakila huku chini, wenyewe wanakata palipoliwa, nyumba inazidi kuwa fupi mwaka hadi mwaka. Mkate wao wa kocho unatoka kwa mmea unaofanana na mgomba lakini hauna ndizi, nilikula, sitasema zaidi.

Mi nilienda kwa vitambaa. Wadorze ndo mafundi wanaosifika Ethiopia nzima, wengi walishahamia Addis Ababa na ukienda Shiro Meda, pale chini ya mlima Entoto, utakuta ukoo wao wanafuma na kuuza. Na wanaofuma ni wanaume. Mzee tuliyemkuta, tukimwita gashe kwa heshima, alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo miguu iko ndani, anakanyaga huku chini, nyuzi zinapishana juu chini, anarusha kile kimbao chenye uzi mkono wa kulia kinadakwa na wa kushoto, kisha anavuta kitana kubana, tak, tak, tak, hata haangalii, anaongea na sisi. Bibi yangu alikuwa na maneno ya haya mambo, kitanda cha mfumi, mtande (nyuzi za urefu), mshindio (uzi unaopita kati yake kwa upana), nikayakumbuka yote pale pale, nilikuwa nayajua kama maneno tu, sikuwahi kuona kitu chenyewe. Kwa Kiamhari mtande unaitwa dir, ambayo pia ni utando wa buibui, na kuna msemo kwamba utando ukiungana unamfunga simba.

Nikapiga picha mpaka simu ikaisha chaji. Nikajifunza netela, mtandio wao, ni nyepesi, tabaka mbili, na gabi ni tabaka nne ndo maana inapasha moto. Ule mpaka wa rangi unaitwa tibeb na namna unavyovaliwa inasema kitu, ukiuona umepandishwa juu shingoni karibu na uso ujue huyo mama ana msiba, usianze kumchekea. Hapo nikawaza leso zetu, ila zetu zinasema kwa maandishi. Na kuna dunguza, kitambaa cha Wadorze cha mistari nyekundu, njano na nyeusi, hiyo inapiga kelele kutoka mbali na nilijuta kutonunua.

Lakini sasa swali la mama. Kwenye picha zangu zote, zaidi ya mia, mfumaji yuko kati, na pembeni, nusu amekatwa, kuna mwanamke amekaa chini na pamba mapajani. Yeye ndo anatoa mbegu, anaichambua pamba mpaka iwe kama povu, halafu anasokota kwa kijiti, kidogo kidogo, siku na siku. Gashe anaweza kumaliza kitambaa haraka kuliko huyo mama anavyoweza kumpa uzi wa kukifumia! Ndo maana siku hizi wengi, hasa mjini, wanatia mtande wa kiwandani na wanabakisha mshindio wa mkono, na mi siwalaumu, nani atakaa asokote vyote kwa bei tunazotaka sisi. Manake hata mimi nilipunguziwa, na aliyelipwa ni gashe, yule mama sikumuuliza hata jina. Nimeiona picha hiyo mara ngapi sijui, na kila nikiiangalia naona tu kiwiko chake.

Mama akaketi kitandani akaanza kupitisha kidole kwenye gabi taratibu kama anayesoma. Akasimama mahali uzi umenenepa ghafla kisha unakuwa mwembamba tena. "Hapa," akasema, "hapa aliitwa na mtoto." Akasogea kidogo. "Na hapa kiza kilikuwa kimeingia."

Gabi iko chumbani kwake sasa. Joto vilevile.