Nilivyolinyamazisha tanuru langu la Kizota

Hapa mjini ukilalamika kwamba kichomeo chako cha oili chafu kinanguruma, utaambiwa utoboe matundu. Sawa, ila yawe wapi? Mangapi? Na nyuma yake pakae nini? Hapo washauri wote wanakumbuka wana safari.

Mimi nasubu sufuria za alumini Kizota, hapa Dodoma. Nilipochoka na bei ya mkaa nilijitengenezea kichomeo: bomba kuukuu la kisima la inchi nane, urefu mita moja na nusu, nyuma limezibwa, mdomo umeelekea tanuruni, blowa inapuliza, oili inadondoka. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na moto huu unafika huko bila kutoa jasho. Tatizo lilikuwa mngurumo. Unaanza mzito, na kadiri bomba linavyopata joto sauti inapanda, mpaka spana zinatembea zenyewe mezani. Udongo niliokandika tanuruni ukafanya nyufa. Jirani mwenye mbuzi akaacha kunisalimia.

Fundi mmoja anayesifika sana akaja, akazunguka, akasema: "Kaka, sauti inatafuta pa kutokea. Ifungulie njia mdomoni." Akatoboa mwenyewe, kwa drili yangu na umeme wangu, matundu yamebanana kuanzia mdomoni kurudi nyuma kama shubiri mbili. Hakuweka kitu chochote kwa nje. Tukawasha jioni, upepo wa Dodoma mnaujua, na kila tundu likatoa ulimi wake wa moto. Watoto walishangilia wakidhani ni sherehe. Mngurumo? Palepale, haukupungua hata chembe, sasa ukiwa na harufu ya oili juu yake. Akashauri tuongeze upepo wa blowa. Tukaongeza, spana zikaanguka chini kabisa. Akachukua hela yake ya soda akaenda.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu anayesoma uhandisi. Alipofika tu, kabla hata ya kunywa maji: "Shikamoo mjomba. Hili bomba linaimba, halijaharibika." Akanieleza kwamba mwaka 1878 mwanafizikia Mwingereza, Rayleigh, alishaliweka wazi jambo hili: moto ukitoa joto zaidi wakati uleule hewa imebanwa na wimbi la sauti, unalisukuma wimbi, kama unavyosukuma bembea kila inaporudi kwako. Wimbi likikua linautikisa moto, moto nao unalikuza wimbi. Akasema hata injini za F-1 za Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini, ziliwasumbua Wamarekani kwa mtikisiko wa namna hii, mpaka wakawa wanalipua vibomu vidogo ndani ya injini inayowaka ili waone kama utatulia wenyewe. Nikajisikia niko katika kundi la watu wazito.

Sasa ujanja wenyewe, na huu ni wangu. Yeye alitaka kujua sauti ina hezi ngapi, yaani inatikisika mara ngapi kwa sekunde, vipimo hatuna. Nikamkumbuka mpiga gitaa wa kwaya yetu, ana programu ya kutunia nyuzi kwenye simu. Nikaiazima simu, nikasimama nyuma ya ukuta, bomba likiwa jekundu. Ikaandika 116. Mpwa akachukua kalamu: katika gesi ya nyuzi 1000 hivi sauti inakwenda mita 700 na ushee kwa sekunde, na bomba lililozibwa upande mmoja linabeba wimbi lenye urefu mara nne yake, yaani mita sita. Gawanya hizo mia saba kwa sita. Inakuja humohumo. Alinitazama kwa heshima mpya, na mimi sikujifanya sijaona.

Kumbe presha ya wimbi inapanda na kushuka zaidi kule nyuma kulikozibwa. Mdomoni karibu haitikisiki, kwa hiyo matundu ya pale hayana cha kumeza. Tukachukua bomba jingine, tukatoboa upande wa nyuma kwa biti ya milimita 4, kutoka tundu hadi tundu sentimita tatu na nusu hivi. Machache! Yakizidi hayaiwezi tena sauti nzito kama hii. Kwa nje tukavisha nusu pipa la lita 200, tukachomelea pande zote, na tawi la blowa likaingizwa humo. Wimbi linasukuma hewa kuingia na kutoka kwenye matundu, kwenye kingo zake hewa inajivunja kuwa vimbunga vidogo, na nguvu ya sauti inaishia humo. Hewa ya blowa inavifagia, tena inapoza chuma.

Nilipowasha nilibaki nasikia blowa tu. Nikadhani moto umezimika, nikaenda kuchungulia.

Gharama ni pipa, biti mbili tatu zilizokatika na umeme, hata laki haifiki kama bomba unalo. Kwa kuwa hewa imeongezeka, rekebisha mdondoko wa oili. Ukizima, funga oili kwanza, blowa iendelee kidogo, la sivyo masizi yataziba matundu nawe utakesha ukiyazibua kwa spoki ya baiskeli.

Na kama yule fundi wa matundu ameshapita kwako, usitupe bomba. Ziba mdomo wenye matundu, fungua upande wa pili, kisha ziba kwa kuchomelea tundu moja moja mpaka yanayobaki yaachane, ndipo uvishe pipa kama langu.