Nilivyoacha kupigana na masikio yangu chini ya maji

Mara yangu ya tatu kuzamia na mtungi wa hewa iliishia mita nne. Wenzangu walishafika chini, mapovu yao yanapanda yananipita usoni, na mimi nimeng'ang'ania kamba, nimebana pua, napuliza mpaka macho yanataka kutoka. Sikio la kushoto lilikuwa linachoma kama limeingizwa sindano. Nikakumbuka nilichoambiwa kabla hatujaingia majini: "Puliza kwa nguvu zaidi, litazibuka tu." Nikapuliza. Kikasikika kimlio chembamba kama cha mlango mkavu, kisha maumivu yakashuka hadi kwenye taya. Nilipanda polepole, na nilipovua miwani nikakuta kamasi yenye damu imeganda kwenye kioo.

Daktari alichungulia akasema kiwambo cha sikio kimevimba ila hakijatoboka. Wiki mbili bila kuzamia. Wiki hizo mbili nilizipitisha na hasira, kwa sababu ushauri ule sikuupewa na mtu mmoja. Niliupewa na karibu kila niliyemuuliza, na naamini unawafukuza watu wengi kwenye mchezo huu mzuri wakidhani masikio yao ni mabovu.

Kosa liko hapa. Juu ya maji mgandamizo ni baa 1 (baa ni kipimo cha mgandamizo); ukifika mita 10 ni baa 2, yaani hewa iliyomo sikioni imebanwa ikabaki nusu. Kutoka mita 10 hadi 20 inapungua theluthi tu ya ile iliyobaki. Kazi kubwa ya kuingiza hewa sikioni basi iko kwenye mita za mwanzo kabisa, pale pale ambapo mgeni anashuka haraka ili asiachwe na wenzake. Ukisubiri mpaka sikio liume umeshachelewa: mrija unaounganisha sikio na koo umebanwa ukafungika, na kupuliza kwa nguvu hakuufungui. Kunaweza hata kuumiza sikio la ndani, na usikivu unaopotea huko huenda usirudi.

Wa pili kunishauri alisema nimeze dawa ya kufungua pua nikiwa na mafua. Nilikataa, na ninashukuru. Dawa inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikanaswa wakati wa kupanda, na hapo huna pa kukimbilia. Mafua yakikushika, siku hiyo kaa nchi kavu.

Aliyenisaidia ni mwalimu mmoja mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Hakunipeleka majini. Alinipa kioo kidogo cha mkononi. "Mwanangu, wewe unapuliza kwa kifua. Kifua kiache, tumia ulimi." Nikabana pua, nikafunga koo kama mtu anayetaka kuinua gunia, halafu nikajaribu kutamka "ka" bila sauti kutoka. Siku mbili za kwanza hakuna kitu. Nilifanya asubuhi, nilifanya usiku, shingo inauma, mashavu yanajaa hewa, masikio kimya. Siku ya tatu, nikitazama kile kioo, nikaona kikoromeo kimeruka juu na matundu ya pua yamevimba kidogo chini ya vidole. Tik. Masikio yote mawili, bila jasho. Niliruka nikapiga kelele! Baadaye nikajua njia hii inaitwa kwa jina la Mjerumani Hermann Frenzel, na ile ya kupuliza kwa Valsalva, mtaalamu wa anatomia wa Italia aliyefariki mwaka 1723.

Niliporudi majini nilianza kusawazisha masikio nikiwa bado juu, kichwa nje. Nikashuka miguu kwanza, kamba mkononi, na kila nilipohamisha mkono nilifanya tik moja. Mahali sikio la kushoto lilipogoma nilipanda kama mita moja, nikameza mate, nikaanza upya. Ilinichukua dakika sita kufika mita 12. Mwenzangu alinisubiri bila kunyoosha kidole wala kunivuta. Mzamiaji wa namna hiyo mshike. Chini nilikuta mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, ametoa kichwa pangoni, anafungua na kufunga mdomo, anafungua na kufunga. Nilidhani anatishia. Kumbe ndivyo anavyopumua.

Baada ya hapo likaja tatizo la hewa. Nilikuwa wa kwanza kumaliza mtungi kila safari, na wote wakaniambia nipumue kidogo kidogo. Hapana! Usibane pumzi kamwe ukiwa na mtungi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 una kama lita 2400, na mita 20 chini kila pumzi inakula mara tatu ya ile ya juu, hilo hulibadilishi. Tatizo langu lilikuwa risasi, vile vipande vizito vya madini vya kumsaidia mtu azame. Nilifungwa kilo kumi kiunoni, nikawa najaza hewa kwenye jaketi ili nisizame, kisha napiga mapezi mwili umesimama wima, nguvu zinakwisha bure. Nilielea juu na jaketi tupu, nikashika pumzi ya kawaida, nikapunguza risasi mpaka maji yakanifika usawa wa macho, nikaongeza kilo mbili kwa sababu mtungi ukiisha hewa unakuwa mwepesi. Nikabaki na sita.

Miwani kuingia ukungu? Mpya isugue ndani kwa dawa ya meno zaidi ya mara moja, kisha mate kila unapoingia. Yanatosha.

Safari iliyopita tulisimama mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutoka, nikatazama geji yangu ya hewa: zimebaki baa 80. Sikio la kushoto lilikuwa kimya muda wote. Kile kioo bado nakibeba kwenye mfuko wa vifaa.