Kupima mti uleule mara ya pili

Leo nawaza kuhusu kipimo cha mara ya pili. Ploti ya msitu, yaani kipande chenye mipaka ambacho miti yake hupimwa, ikipimwa mara moja inakupa orodha ya miti tu. Ikirudiwa baada ya miaka 5 ndipo unapojua kipi kimekua, kipi kimekufa, na kwa kasi gani. Kwa hiyo uangalifu wa siku ya kwanza ni kwa faida ya mtu ambaye bado hajafika.

Ploti nyingi za kudumu ni hekta 1, mita 100 kwa 100, na hupimwa miti yenye kipenyo cha sentimita 10 kwenda juu. (Kisiwa cha Barro Colorado, Panama, kina ploti ya hekta 50, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na huanzia shina la sentimita 1. Hiyo ni kazi ya jeshi zima la wapimaji.) Sasa, mita hizo 100 ni za ramani, yaani za mlalo, si za kutembea, na mlimani hapo ndipo wengi hukosea. Mteremko ukiwa wa nyuzi 30, mita 20 za ramani zinataka utepe wa mita 23.1, yaani 20 gawanya kwa kosini ya pembe. Ukisahau hilo upande mmoja wa ploti, "hekta" yako ni 0.87 tu, na msitu utaonekana una miti michache kuliko ilivyo. Pembe ipimwe upya kila mita 20, au kila 10 penye makorongo.

Shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Penye mteremko wapo wanaoanzia upande wa juu, wapo wa chini. Chagua mmoja, uandike, usibadilishe. Mizizi mipana ikipanda shina, pima sentimita 50 juu ya inapoishia, hata kwa ngazi. Piga mstari wa rangi palepale utepe ulipopita. Msumari wa lebo yenye namba ya mti, wa alumini, ukae sentimita 30 juu ya mstari, maana shina huvimba kuzunguka jeraha. Usiuzamishe wote, gome litaimeza lebo.

Katika misitu ya mawingu, kinachoweza kuharibu sana vipimo ni kuvumwani, ile mimea midogo ya kijani inayofunika shina kama zulia. Tabaka la milimita 5 kuzunguka shina huongeza sentimita nzima kwenye kipenyo, na mti unaonenepa milimita 2 kwa mwaka ungehitaji miaka 5 kufika hapo. Ifute kwa kiganja, si kwa panga: ukikwangua gome umeharibu kipimo cha leo na cha kesho. Mimea inayotambaa juu ya shina, pitisha utepe chini yake bila kuikata. Nayo ni msitu.

Safari ya pili napendelea vipimo vya zamani viwepo porini, ila vifunuliwe baada ya utepe kusomwa. Kupungua milimita chache kunaweza kuwa kweli, kwa kuwa shina hunywea wakati wa kiangazi. Sentimita 3 karibu kila mara ni kosa la mpimaji, basi rudieni kabla hamjaondoka kwenye mti. Na mti msiouona uandikwe "haukuonekana". "Umekufa" inataka kisiki, gogo au lebo iliyoanguka.