Jinsi tulivyopima furaha ya watu wa Mlima Elgon

Ukimuuliza mtu wa Mlima Elgon, magharibi mwa Kenya, kama maisha yake yanamridhisha, jibu la kwanza ni "Tunashukuru Mungu." Ukimbana akupe namba kati ya 0 na 10 atasema tano, au atakuuliza wewe ulikuwa unataka ngapi. Kazi yangu ni kukusanya data, na nimezunguka sana Kisumu, Siaya na Bungoma nikiuliza habari za mbolea, chanjo za watoto na vyandarua. Maswali ya aina hiyo hayana shida, maana mtu ana chandarua au hana. Safari hii mhadhiri aliyetuchukua alitaka tupime furaha, tena katika vijiji vya juu vya Kaptama na Chepyuk, kule mahindi yanakopakana na msitu na mwenye boda boda anakushusha njiani matope yakizidi.

Hojaji yenyewe ilitoka sehemu mbili. Ya kwanza ni ngazi ya Hadley Cantril, mwanasaikolojia Mmarekani aliyeieleza mwaka 1965. Chukulia kuna ngazi: juu kabisa ni maisha bora kuliko yote kwako, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Wewe umesimama wapi? Swali hilo ndilo linalotumiwa kupanga nchi katika ripoti ya furaha duniani iliyoanza kutolewa 2012, ile ambayo Finland ilishika uongozi wake 2018.

Ya pili ilitoka Bhutan, nchi ndogo ya milima ya Himalaya iliyobanwa kati ya India na China. Mfalme wao wa nne, Jigme Singye Wangchuck, ndiye aliyeanza kusema katika miaka ya 1970 kwamba furaha ya taifa ina uzito kuliko pato la taifa, na katiba yao ya 2008 ikaipa serikali jukumu hilo. Wabhutan hawakomei kwenye "una furaha?" Wana nyanja 9 zenye viashiria 33, na kila kiashiria kina kiwango chake cha kutosha: umelala saa ngapi, umefanya kazi saa ngapi, wanyama wa mwituni wameharibu mazao yako kiasi gani, unawaamini majirani, unazijua hadithi za wazee wenu. Anayetosheka katika asilimia 66 au zaidi ya viashiria, kila kimoja kwa uzito wake, anahesabiwa kuwa mwenye furaha. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 40.9 ya watu, 2015 wakafika 43.4, 2022 wakafika 48.1. Mahojiano ya 2010 yalimchukua kila mtu kama saa tatu. Sisi tulipangiwa saa moja, na hata hiyo saa moja mama mwenye ng'ombe wa kukamua hana.

Kabla ya swali lolote ilibidi tuvuke kikwazo cha msaada. Watu wenye fulana na kishikwambi wakifika kijijini, habari inayotangulia ni kwamba wanaandikisha. Anayetaka kuandikishwa atajishusha hadi 0, na mwenye heshima zake, asiyetaka mgeni amwonee huruma, atajipandisha hadi 9. Wote wawili wanakuharibia kazi. Tulipita kwa chifu, chifu akatupeleka kwa wazee wa vijiji, na katika baraza tulisema wazi kwamba hakuna chakula, hakuna pesa, hakuna mradi unaokuja nyuma yetu. Tulisema tena mlangoni kwa kila mtu. Mzee mmoja alicheka: "Basi mmekuja kutuuliza furaha mkono mtupu?" Nikamwambia ndiyo, mzee, mkono mtupu. Akavuta kiti.

Ngazi ilitupa kazi zaidi. Kuisoma tu kama ilivyoandikwa kulituletea tano nyingi mno. Kilichosaidia ni kurudi kwa Cantril mwenyewe, kwa sababu katika utaratibu wake mtu hukueleza kwanza maisha bora kwake ni yapi na mabaya ni yapi, ndipo ajipange. Ripoti za siku hizi huruka hatua hiyo kwa kuokoa muda, na nadhani hapo ndipo utamu unapopotea.

Nilimkuta mama mmoja jikoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Sikutoa kishikwambi. Nilimuuliza, "Mama, hapa kwenu, mtu ambaye maisha yamemnyookea kabisa anaishi vipi?" Alijibu bila kuinua macho: ana ng'ombe anayetoa maziwa hata kiangazi, karo imelipwa kabla ya shule kufunguliwa, shamba lina hatimiliki kwa jina lake, na usiku analala kitandani kwake. Nilimrudisha kwenye hilo la mwisho. Wengine wanalala wapi? "Kwa shamba," akasema, "wanalinda." Nikamuuliza wa chini kabisa anaishi vipi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ni yule ambaye hajui mtoto wake amezikwa wapi.

Nikachukua maharagwe kumi kutoka kwenye ungo nikayapanga mstari kwenye udongo, kutoka kwangu hadi kwake. Huku kwangu ni yule wa chini, huko kwako ni yule wa juu, wewe uko wapi? Aliweka kidole kwenye la nne. Hakuniuliza ninataka ngapi. Nilipomuuliza nini kingempeleka kwenye la tano, hakutaja pesa. Alisema, "Ndovu wakae kwao."

Tangu hapo timu nzima ikaanza kutumia maharagwe, mahindi au vijiti, chochote kilichokuwa karibu. Mhadhiri alikubali kwa sharti moja, kwamba sote tutumie maneno yale yale na mpangilio ule ule, na ngazi itangulie kila mahali. Ana haki. Ukianza na habari za ndovu halafu uulize maisha yakoje, ndovu ndio watakaojibu.

Maswali ya Bhutan yalienda vizuri kuliko nilivyotarajia, na sababu ni kwamba milima inafanana shida. Kule wakulima hukesha wakifukuza nguruwe mwitu. Hapa ni nyani na nungunungu, na ndovu wale wanaoingia mapangoni kulamba chumvi. Usimuulize mtu "hulala saa ngapi kwa kawaida," kwa sababu kila mtu hulala vizuri kwa kawaida. Muulize jana. Tulianza na alipofungua mlango asubuhi, tukamfuata hatua kwa hatua hadi alipozima taa. Saa za ukutani ni chache, kwa hiyo tulishikilia vitu vinavyopita kila siku: pikipiki ya maziwa, kengele ya shule, taarifa ya habari ya redioni, watoto kurudi. Kati ya alama mbili unauliza alikuwa akifanya nini, na wakati huo huo alikuwa akifanya nini kingine. Swali la pili ndilo linaloifichua siku ya mwanamke. Anachota maji akiwa amembeba mtoto, anapika akisimamia kazi ya shule. Bhutan inataka saa 8 za usingizi na kazi isiyozidi saa 8. Mahindi yakikaribia kukomaa, nyumba za mpakani mwa msitu hazikutimiza hata moja kati ya hayo mawili.

Swali la kuwaamini majirani tulilisogeza mwisho kabisa, tukaliuliza faraghani, mbali na watu wengine. Mlima huu ulipitia mambo mazito. Kuanzia 2006 hadi 2008 ugomvi wa ardhi ya Chepyuk ulizaa kundi la wapiganaji la SLDF (Sabaot Land Defence Force), watu wakauawa na kukatwa masikio, kisha Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha na wanaume wengi wakakamatwa. Wengine hawajaonekana hadi leo. Huwezi kukaa mbele ya mtu wa huko ukamwambia atie alama "naamini sana" au "siamini kabisa." Tulibadilisha: ukiugua usiku wa manane, utabisha mlango wa nani? Ukisafiri kwenda Kimilili na kurudi kesho, ng'ombe atakamuliwa na nani? Kishikwambi kiliandika idadi ya milango tu, bila jina la mtu. Mwanamume mmoja alihesabu milango mitatu, akafikiria, akaondoa mmoja. Sikumuuliza kwa nini.

Nieleze na hili, kwa sababu Bhutan husifiwa kupita kiasi. Nchi hiyo hiyo iliwaondoa raia wake wenye asili ya Nepal mapema miaka ya 1990, zaidi ya watu laki moja wakaishia kambini, na hao hawamo katika asilimia za furaha. Na kwa kipimo cha ngazi, Bhutan ilikuwa ya 95 duniani mwaka 2019. Mtu anaweza kuchagua kipimo kinachompendeza. Hata hivyo, mimi naona orodha yao ndefu ina faida kuliko ngazi, kwa sababu diwani hawezi kufanya lolote na "nne," lakini anaweza kufanya kitu na "hawajalala."

Matokeo tuliyarudisha barazani, jambo ambalo watafiti wengi hulisahau. Wastani wa ngazi ulipita bila mjadala. Ukurasa wa usingizi uliwasimamisha watu. Wanaume walidai wao ndio wanaokesha shambani. Akina mama wakasema na asubuhi anayekamua ni nani? Mabishano yaliendelea hadi chifu akaangalia saa. Baadaye mzee wa kijiji alituomba ukurasa wa usingizi na ule wa wanyama tu, nakala mbili mbili, aambatanishe na barua ya kuomba uzio wa umeme kwenye mpaka wa msitu. Kurasa nyingine alisema tubaki nazo. Tutapima tena baada ya mavuno, wakati hakuna mahindi ya kulindwa, tuone yule mama ataweka kidole wapi.