Nilivyohama kutoka mbele ya kamera kwenda nyuma yake

Watu wa Kirumba bado wananiita kwa jina la mhusika niliyemcheza mwaka 2008, mke mkubwa mwenye roho mbaya. Nikienda Mwaloni kununua sangara, muuzaji ananipandishia bei kwanza kulipiza yale niliyomfanyia mke mdogo, halafu anacheka na kupunguza. Zaidi ya miaka kumi nilikula kwa sura ile. Leo naongoza tamthilia za televisheni hapa hapa Mwanza, na kila wiki napata ujumbe wa dada fulani mwigizaji akiniuliza nilipenyaje. Hii hapa stori yenyewe, pamoja na aibu zake.

Enzi za VCD na baadaye DVD, filamu nzima tuliimaliza kwa wiki moja, mara nyingi kwenye nyumba ya kuazima kule Pasiansi. Unalipwa mara moja, basi. Filamu ikiuzwa nchi nzima, wewe ulishamaliza kula hela yako zamani. Kanumba, nyota wa filamu na kijana wa Shinyanga jirani zetu, alipofariki Aprili 2012, soko lilikuwa limeshaanza kuyumba kwa sababu ya nakala za bandia. Mwaka uliofuata matangazo ya televisheni ya analojia yakazimwa Mwanza, kila nyumba ikatafuta king'amuzi, na taratibu kazi ikahamia kwenye tamthilia. Mimi nilikuwa na miaka 35. Nafasi zilizokuwa zinanijia ni za kuwa mama wa vijana wenye miaka 30.

Nikapata kajinafasi kwenye tamthilia moja: shangazi anayetokea siku mbili kwa wiki. Siku ambazo sikuwa na sini, yaani kipande cha kuigiza, nilikuwa naenda seti vilevile. Hakuna aliyenialika. Nilijifanya nimekuja kusaidia chai, nikakaa nyuma ya mpiga picha na daftari la mwanangu la hesabu. Nilichora kamera imekaa wapi, mwigizaji ameingilia mlango gani, kikombe alikishika kwa mkono upi. Kikombe kile kilinifundisha kuliko semina zote mbili nilizowahi kuhudhuria: anakunywa kwa mkono wa kulia, tunageuza kamera, anakunywa kwa wa kushoto, na mhariri anabaki na sini isiyoungika.

Kipindi hicho ndipo nikasoma kwenye simu habari za Ida Lupino. Mwingereza, mzaliwa wa London mwaka 1918, aliyekuwa nyota Hollywood. Alipokataa nafasi alizoona hazimfai, studio yake ilimsimamisha, naye muda ule wa kukaa bure akautumia kuzunguka seti na vyumba vya uhariri kutazama wengine wanavyofanya kazi. Mwaka 1949 mwongozaji wa filamu aliyokuwa anaitayarisha akapata shambulio la moyo, yeye akaimalizia, na jina la yule bwana akaliacha palepale kwenye filamu. Baadaye aliongoza vipindi vingi sana vya televisheni, vikiwemo vya ng'ombe na bastola na vya kutisha. Katika mfululizo wa The Twilight Zone aliigiza kipindi kimoja mwaka 1959, akarudi mwaka 1964 kuongoza kingine, na hakuna mwanamke mwingine aliyeongoza kipindi cha mfululizo ule wa awali. Nililisoma lile la kusimamishwa mara tatu. Nikaliangalia daftari langu la hesabu, nikaona kumbe sijapoteza akili.

Nafasi yenyewe ilikuja kwa mlango wa uani. Dairekta wetu alipata kazi Dar, akaondoka bado tunadaiwa vipindi vitatu. Prodyuza alikuwa ameshachukua malipo ya awali, hana hela ya kumleta mtu mwingine. Nikamwambia, "Kaka, mimi nazijua sini zote. Nipe kimoja, kikiharibika usinilipe hata ya shangazi." Akanitazama kama anayetazama gari bovu ambalo ndilo pekee lililopo stendi.

Kile kipindi cha kwanza nilikiharibu. Siyo sana, lakini nilikiharibu. Mimi ni mwigizaji, napenda nyuso. Nikajaza nyuso tupu, machozi yanavyokusanyika, mdomo unavyotetemeka. Mhariri akaniita Nyegezi usiku. "Dada, hawa watu wako wapi?" Wapi kivipi? "Yaani wako sebuleni, jikoni, au kwenye basi? Sioni nyumba." Kweli, sikuwa na picha pana hata moja. Ikabidi turudi kwenye ile nyumba asubuhi kupiga picha tatu za sebule tupu. Mwenye nyumba akatuchaji siku nzima.

Kosa la pili ni mpiga picha aliyeliona. Akanivuta pembeni kwa adabu: "Mama, midomo yako inacheza." Mwigizaji alikuwa anasema mistari yake, na mimi nyuma ya skrini nasema naye, uso umekunjamana, nalia naye. Akimaliza nachelewa kusema kat, maana kichwani sini ni yangu. Nilijizoeza kushika kalamu kwa meno. Mpaka leo, ukiniona seti na kalamu mdomoni, ujue sini ni ngumu.

Na mwendo. Kwenye filamu zetu tulikuwa tukibishana mchana kutwa kuhusu sini moja. Tamthilia inataka sini nane, tisa kabla jua halijazama, na Mwanza mchana upepo wa ziwa unapiga maiki hadi sauti inakuwa kama mtu anapasua karatasi. Nikajifunza sini za nje ufukweni ni za asubuhi, za ndani ni za mchana. Hili halikuwa kwenye semina.

Sasa niseme lile la mwezi, maana nimeliahidi watu wengi. Kipindi cha tatu kilikuwa na sini kubwa: mume anavua dagaa, mke amesimama mawe ya Bwiru usiku akitazama taa za wavuvi zilizotapakaa ziwani, hajui ipi ni yake. Picha hiyo nimekua nayo, taa mamia juu ya maji utadhani mji mwingine. Nikapanga tarehe, nikakodi jenereta, nikawalisha watu 14. Tukafika saa mbili usiku. Ziwa jeupe pee, mwezi mpevu, hakuna taa hata moja.

Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliovutwa nchi kavu, anashona wavu. Nikamuuliza, "Shikamoo babu. Wavuvi wako wapi leo?"

"Marahaba. Wako kwao wamelala."

"Kwa nini?"

Akaninyanyulia kidole juu bila kuongea. Halafu: "Mwanangu, si wa hapa wewe? Dagaa anafuata taa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa hivi, taa yako anaifuatia nini?"

Mimi mtoto wa Mabatini, nimekula dagaa toka sijaota meno. Vijana wa kamera walitazama pembeni ili wasinicheke. Prodyuza akanipigia mara tano, sikupokea. Nikakaa na skripti kwenye tochi ya simu, nikaifuta sini, nikaandika nyingine: mume yupo nchi kavu kwa sababu ni mbalamwezi, hakuna kazi wala hela, anashona wavu, na mke anakuja kumuuliza ada ya mtoto. Hakuna taa, ni mwezi tu na maji. Tulimaliza saa saba. Ndiyo sini iliyofanya wanipe msimu mzima.

Kwenye kiti cha Lupino nyuma waliandika "Mama Yetu Sote", na yeye hakuwa mtu wa kufokea watu. Alikuwa akisema mama ana shida kidogo hapa, nani amsaidie. Mimi vijana wangu wananiita Mayu, Kisukuma chetu. Nilidhani ni heshima mpaka nilipomsikia mmoja akisema, "Mayu ameshaweka kalamu mdomoni, kimbieni."

Yule mzee alikiona kipindi kwa jirani yake. Alinitafuta mpaka akanipata. Nilijua amekuja kunipongeza. "Kijana wako yule," akasema, "anashika uzi kama anashona shati. Wavu haushonwi hivyo. Mmetuaibisha." Siku hizi tukiwa na sini za ufukweni namlipa elfu ishirini kwa siku, anakaa kiti cha pembeni yangu, na sisemi kat mpaka nimtazame kwanza.